Bunduki Iliyonukia Vitumbua

Tangu kabla ya vita vya Hitla, mwanamume wa Bagamoyo aliyetaka kwenda kuswali Idi na kichwa king'aacho na ndevu zilizonyooka alipita kwanza kwa Msabaha bin Kitwana. Kiti chake kilikaa barazani kwake, kimeelekea njia, na mbele yake kilitundikwa kioo chenye ufa ambao kila mteja aliujua kama alivyoujua uso wake mwenyewe. Msabaha alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye vidole virefu kuliko kimo chake kilivyostahili. Watu hawakusema kwamba Msabaha ananyoa vizuri. Walisema, "Msabaha ana mkono," kisha wakanyamaza, maana yote yalikwisha semwa.

Basi hebu fikiria ilivyokuwa siku mkono huo ulipomkata sikio Mwinyijuma wa Kaole.

Si kwamba sikio lilianguka. Ilikuwa ni ncha tu, na damu yake isingejaza kisoda. Tena mkosaji alikuwa jogoo wa jirani yake Bi Mwanamvua; jogoo huyo aliruka kutoka ukutani akatua magotini pa mteja bila hodi. Mwinyijuma akaruka, sikio likaruka naye. Lakini Mwinyijuma alikuwa mchuuzi wa nazi, mtu wa kuzunguka kila kijiji, na sauti yake ilifika mahali kabla ya punda wake.

"Mkono wa Msabaha unatetemeka siku hizi," alisema sokoni, akilishika sikio lake lililofungwa kitambaa kikubwa kama kilemba. "Mimi simlaumu, ni umri. Ila ninyi mna shingo mojamoja tu."

Maneno hayo yalitosha. Ramadhani ilipoingia, wateja walianza kupita upande wa pili wa njia wakijifanya wanatazama mawingu. Walikwenda kwa kijana mmoja aliyetoka Msata, aliyenyoa watu kama anayefyeka shamba, ambaye lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba mkono wake unatetemeka.

"Baba Dija," mkewe, Biubwa, alimwuliza jioni moja akimwekea futari, "leo umenyoa wangapi?"

"Mmoja."

"Alhamdulillahi. Nani huyo?"

"Mimi."

Mambo yangeishia hapo, pamoja na kiti, kama Mwinyijuma asingepita barazani baada ya tarawehe, watu wamejaa, akaona afadhali amalizie kazi aliyoianza sokoni. Sasa, ilikuwa desturi kwamba kila Idi Pili wanaume wa Kaole na wanaume wa mjini hukutana uwanjani kulenga shabaha. Vifuu vya nazi vilitundikwa kwenye kamba kati ya miti miwili, mshindi akapewa mbuzi. Kila mtu alikuja na bunduki yake mwenyewe, kwani mwaka mmoja bunduki ya kuazima ilirudi bila kitako chake, na koo mbili zikaacha kuamkiana. Mwinyijuma alikuwa amekwisha kula mbuzi wengi wa namna hiyo.

"Kinyozi," alisema, "kama mkono wako mzima, si uje Idi Pili watu wauone?"

"Inshallah," akajibu Msabaha kwa upole, kama anavyojibiwa mtu yeyote. Kabla hajakumbuka kwamba maishani mwake hajashika bunduki hata ya ubua ya kuchezea watoto, baraza zima lilikuwa limekwisha shuhudia.

Kesho yake alikwenda duka la Kanji, Mtaa wa Wahindi, pamoja na shemeji yake Pazi, kaka yake Biubwa. Pazi alijua bunduki zote, kwa maelezo yake mwenyewe. Duka hilo liliuza misumari, karabai, kamba za katani na, pale ukutani nyuma ya mizani, bunduki kuukuu zilizoachwa na mabwana wa mashamba ya mkonge waliorudi kwao Ulaya.

"Nataka bunduki yangu ya kwanza," Msabaha alisema. "Ya kulenga vifuu. Na isiwe ya kuniuzisha nyumba."

Kanji alimtazama kwanza urefu, kisha mfuko, akashusha bunduki tatu.

Ya kwanza ilikuwa raifoli ya vitani. Msabaha aliisimamisha chini, ikamfika kidevuni. "Hii," alisema Kanji, "kwanza uende bomani ukaombe kibali, na wakikupa, risasi zake utazifuata Dar es Salaam. Ukiipiga, kifuu kitapasuka na bega lako pia."

Ya pili ilikuwa gobori, la kushindiliwa baruti mdomoni, limepambwa nakshi za fedha mpaka kitakoni. Pazi alilikumbatia kama ndugu aliyerudi kutoka Hija.

"Shemeji, usitafute tena. Tazama maua haya. Ukisimama nalo uwanjani, Mwinyijuma atarudi Kaole mwenyewe."

"Linalenga?" akauliza Msabaha.

"Linaua nguruwe," akajibu Kanji, "kama nguruwe mwenyewe atasimama palepale risasi ilipoamua kwenda."

Ya tatu haikupambwa na kitu. Ilikuwa bunduki ya upepo, fupi, kitako kimekwaruzwa, iliyokuwa ya mtoto wa bwana mmoja wa mkonge. Unaivunja katikati, springi inajikaza ndani, unatia kijirisasi kidogo kama punje ya mtama, unaifunga, unafyatua. Pazi aliitazama kama mtu aliyeletewa uji kwenye karamu.

"Hii ni ya kutishia kunguru, Kanji."

"Bwana Pazi, mtu anayenunua bunduki mara ya kwanza hutazama bei ya bunduki. Mimi namwambia atazame bei ya risasi. Hizo mbili atapiga mara chache akifikiria watoto watakula nini. Hii, kopo moja la risasi atapiga mpaka aote anapiga."

Msabaha akazisogelea zote tatu. Alifanya lile alilolifanya kila aliponunua wembe. Mtu hachagui wembe kwa macho, alifundishwa na baba yake. Wembe mzuri unajipeleka wenyewe mahali pake. Akalikusudia debe la mafuta ya taa lililokuwa pembeni, akafumba macho, akainua raifoli begani, akafumbua: mtutu ulikuwa unatazama mizani. Akafumba tena, akainua gobori, na alipofumbua lilikuwa linamtazama Kanji, ambaye alikuwa amekwisha inama. Akafumba mara ya tatu, akainua ile ya upepo, akafumbua. Kinundu cha kulengea kilikuwa katikati kabisa ya lile debe.

"Hii imenijua," akasema.

Kanji alimfungia kwenye gunia, akamtilia na kichupa cha mafuta ya cherehani. "Tone moja tu, kwenye bawaba. Ndani usitie kitu."

Mwezi huo wote, kwa kuwa kiti kilikuwa kitupu, Msabaha alikuwa na nafasi ya kutosha. Alilenga vifuu uani, kutoka mlango wa jiko hadi kwenye ua wa makuti uliokinga choo cha jirani.

"Msabaha," sauti ya Bi Mwanamvua ilitoka siku moja nyuma ya makuti, bila haraka. "Mimi nimo humu."

"Samahani, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Ningojee nimalize."

Kufika kumi la mwisho, vifuu vilikuwa vinadondoka kimoja baada ya kingine, na Pazi alianza kuwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyeichagua bunduki ile.

Mwaka huo Idi iliangukia katikati ya kipupwe. Mkesha wa Idi, kama kila nyumba mjini, nyumba ya Msabaha ilikuwa inatayarishwa itoke mbele za watu. Biubwa alikuwa amempaka binti yao Dija mafuta ya nazi kichwani, akazipaka fremu za milango na mbuzi ya kukunia nazi, na nguo zote zilikuwa juu ya chetezo zinafukizwa udi. Akaiona bunduki imesimama pembeni, kavu, imepauka kama yatima. Akakifungua kile kichupa cha Kanji, akanusa.

"Yananuka kama lori," alimwambia Dija, akayamaliza kwenye bawaba za dirisha.

Kisha akaipaka bunduki mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, safi, ya tui la kwanza. Akapaka kitako, akapaka mtutu, na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kufanya kazi nusu, akayamimina na ndani. Akaifukiza udi. Msabaha alipoichukua ilikuwa inang'aa kuliko lile gobori la nakshi, na alimshukuru mkewe kwa moyo wake wote.

Asubuhi ya Idi Pili kulikuwa na ubaridi, na umande haujakauka. Uwanja ulijaa kanzu nyeupe upande mmoja na kanga mpya upande mwingine. Mwamuzi alikuwa Mzee Bwanaheri, askari mstaafu, aliyesimama wima mpaka watoto wakamwogopa. Kila mtu aliruhusiwa risasi tatu. Mwinyijuma alipiga, akaangusha vifuu viwili, akakosa kimoja akasema ni upepo. Wengine walikosa zaidi. Mwisho akaitwa Msabaha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Simama kwenye mstari."

Kinyozi akaivunja bunduki. Ilikuwa nzito ajabu kuvunjika, kama iliyosinzia. Akatia risasi, akainua, akalenga kifuu cha katikati, akafyatua.

Bunduki ikapiga chafya ndogo. Kijirisasi kikatoka mdomoni taratibu, kikaanguka mbele ya makubazi yake.

Kicheko kilianzia kwa watu wa Kaole, kikazunguka uwanja mzima. "Mngojeni," alisema Mwinyijuma, ambaye sasa alikuwa amenunua kikombe cha kahawa na kusimama karibu aone vizuri. "Anailenga miguu yake. Mkono huo."

Wakacheka tena, na Msabaha akaona wazi kiti chake kikibebwa kwenda jikoni kuwa kuni. Akaitazama bunduki. Penye maungio palikuwa na kitu cheupe, kizito. Akakigusa, akakisugua kati ya vidole, akakinusa. Kila asubuhi ya kipupwe, kabla ya mteja wa kwanza, huichukua chupa yake ya mafuta ya nazi na kuianika dirishani, maana yameganda kama nta. Akageuza macho upande wa kanga. Biubwa alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka.

"Mzee," Msabaha akamwambia Bwanaheri, "naomba ruhusa nimwite muuza kahawa."

"Unataka kunywa sasa?"

"Nataka mkaa wake."

Muuza kahawa akaja na dele lake la kahawa na jiko la mkaa. Msabaha akaigeuza bunduki juu ya moto, upande huu na upande ule. "Mishikaki hiyo," mtu akasema. "Niwekee pilipili." Harufu ya nazi ikaanza kutembea uwanjani, na watoto waliotoka nyumbani bila kifungua kinywa wakasogea. Mafuta yalipoanza kudondoka, akaipangusa kwa pindo la kanzu, akatia risasi ya pili, akalenga, akafyatua.

Hakuna aliyekuwa amesikia bunduki ya upepo ikilia namna ile. Yale mafuta yaliyobaki ndani yaliwaka kwa pigo la springi. Ikalipuka kama gobori, moshi ukatoka mbele na nyuma, na harufu ya vitumbua ikaufunika umati. Wanaume wakalala kifudifudi na kanzu zao za Idi. Pazi akajikuta nyuma ya mbuzi. Risasi ilipanda juu ikakata kamba, na vifuu vyote vikaanguka kwa pamoja.

Moshi ulipopungua, Msabaha alikuwa amesimama vilevile. Kitako begani, kidole mahali pake, mtutu haujasogea hata unene wa unywele. Wala si kwamba alikuwa shujaa; moyo wake ulikuwa umekwisha kimbilia Kaole. Lakini tangu utotoni alifundishwa kwamba akishtuka mteja, mkono wa kinyozi ugande hapohapo, na mkono haukujua kwamba leo hakuna mteja.

Mzee Bwanaheri alimzunguka akimtazama kama anayekagua gwaride. Kisha akamgeukia Mwinyijuma. Kahawa yote ilikuwa kifuani pa kanzu nyeupe, na kikombe kilikuwa bado kinagongana na pete yake, ka-ka-ka, watu wote wanasikia.

"Kumbe," alisema Mzee polepole, "ni sikio ndilo lililoufuata wembe."

Kamba ikafungwa upya. Risasi ya tatu ilitoka safi, ikadondosha kifuu. Mzee akaamua kwamba kamba si kifuu, kwa hiyo Mwinyijuma ameshinda kwa viwili, na mbuzi akaenda Kaole. Hakuna aliyemsindikiza. Watu wa mjini walikuwa wanamzunguka kinyozi, wakijipapasa ndevu na kuulizana nani amewahi mbele ya nani.

Alfajiri iliyofuata, foleni ilikuwa imefika kwa Bi Mwanamvua. Mwinyijuma alifika na punda wake, akangoja zamu kama wengine, akakaa.

"Jogoo yuko wapi?"

"Amefungwa."

"Basi nyoa."

Msabaha akanyoa, na foleni nzima ikanyoosha shingo mpaka wembe ulipomaliza kulizunguka lile sikio. Ndipo Biubwa akatoka ndani na chupa ya mafuta ya nazi, iliyopashwa moto vizuri, kwa ajili ya kumpaka mteja kichwani kama ilivyo ada. Mwinyijuma akaitazama kwenye kioo chenye ufa.

"Mama Dija, hayo hayalipuki?"

"Inategemea," akasema Biubwa, akimimina. "Leo utakunywa kahawa?"