Kidole na Shira Iliyoungua

Shule ilitupeleka kuona magofu ya kiwanda cha zamani cha sukari. Mlangoni kuna kibao: jengo liliungua kwa uzembe wa mtumwa mmoja wa kike. Nilikisoma mara tatu, masikio yakapata moto. Huyo mzembe wao ndiye chimbuko la ukoo wetu, na habari zake tunazijua tangu tukiwa tunatambaa.

Walimwita Kidole. Alikuwa akipika shira ya miwa. Kila mara alikuwa akichota tone na kulivuta kati ya gumba na kidole kinachofuata. Likinyooka kama uzi bila kukatika, alipaza sauti shira iepuliwe upesi. Ukichelewa kidogo tu, inashika moto. Vidole vyake vilibabuka hadi vikawa havisikii joto. Hakuna aliyemfikia kwa kazi hiyo, na hakuambiwa hata ahsante.

Siku moja kinu kilimnasa mumewe mkono. Unadhani walikisimamisha? Thubutu! Waliukata mkono kwa shoka, miwa ikaendelea kusagwa. Mume hakumaliza wiki. Kidole akaelewa kwamba pale hakuna anayekimbia kuokoa mtu.

Kisha akasikia binti yake wa miaka tisa ameuzwa ng'ambo, atachukuliwa kesho yake. Kaka yake Kidole, mkata miwa, aliijua njia ya milimani walikojificha waliotoroka. Tatizo lilikuwa walinzi na mbwa.

"Walinzi niachie mimi," Kidole alimwambia. "Wewe mshike mpwa wako mkono, usigeuke nyuma."

Kesho yake, jua likiwa la utosi, alivuta uzi. Ukanyooka. Akanyamaza. Akahesabu pumzi zake, akanyamaza tena. Shira ikalipuka, moto ukadaka paa. Nyapara, walinzi, mbwa, hata mwenye shamba na kitambaa chake cha kulia shingoni, wote mbio kuokoa sukari. Sukari! Kaka yake na wenzake, watu kumi na mmoja kwa jumla, wakapenya kwenye miwa mchana kweupe, yule mtoto katikati yao.

Kidole alichapwa mpaka akazimia. Alipozinduka, nyapara akamuuliza ilikuwaje.

"Kidole kimezeeka, bwana."

Wakaamini, wajanja hao. Kwa kumwona hafai tena jikoni, wakamtupa kukata majani ya ng'ombe kandokando ya msitu unaopanda milimani, yaani wakamfikisha mlangoni wao wenyewe. Mgongo ulipopona aliingia msituni na mundu wao, na hakurudi. Binti yake hakuitambua ile sura iliyokonda. Alizitambua ncha za vidole.

Nilimweleza mtembeza wageni haya yote. Akacheka, akasema hayo ni maneno ya nyumbani, mdogo wangu, hayana karatasi.

Karatasi ipi anayotaka? Yule mtoto wa miaka tisa alikua, akazaa, na uzao wake ndio mimi niliyesimama mbele ya kibao chao.