Vikombe vya Kubanduka Nilivyopeleka Kola

Nilikwenda kwetu Kola kwa sababu dada yangu Mutheu alikuwa anaposwa na kijana wa Kivaa, na mimi, mfinyanzi wa familia, niliahidi kwamba wageni watakunywa chai kwa vikombe vyangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeacha kazi ya ofisi ili nifinyange, na nyumbani hakuna aliyeelewa kwa nini. Siku hiyo nilitaka waelewe.

Asubuhi tuliondoka Athi River kwa pikapu ya jirani, vikombe vimefungwa kwa magazeti na sweta zangu zote ndani ya katoni. Navyo havikuwa vikombe hivi hivi. Niliviunda kwa udongo vikafanana kabisa na vile vya bati tulivyokulia: vyeupe, ukingo wa buluu, na pale rangi inapobanduka, doa jeusi. Bakuli la sukari nililiunda mfano wa kopo la mafuta ya kupikia, lenye mbonyeo wa kopo lililoanguka. Nilijisifu njia nzima mpaka jirani akafungulia redio.

Machakos mjini tulinunua mkate na majani ya chai. Kutoka hapo barabara ilipanda na kushuka kati ya mashamba ya matuta, nami nikaikumbatia katoni kwenye kila shimo. Hakikuvunjika hata kimoja.

Tulipofika Kola, Mama alifungua katoni, akatoa kikombe kimoja, akakigeuzageuza.

"Mwende, hizi zimebanduka."

Nikamwambia ni rangi tu, ni makusudi. Akapitisha kidole juu ya doa.

"Mimi naona ni rangi. Watu wa Kivaa watajua? Ya kubanduka ni ya watu wa nyumbani. Mgeni anapewa ya kabatini."

Nilikasirika. Kwetu ndivyo ilivyo, na nilikuwa nimesahau. Vyangu vikabaki jikoni.

Mchana wageni walifika. Wakapewa chai kwa vikombe vya kabatini, vya maua. Sisi wa nyumbani tukanywa kwa vyangu. Mzee Kimeu, baba ya kijana, alivitazama vikombe vyetu, kisha akasogeza chake kando bila kukionja. Mutheu akainamisha kichwa. Mzee akikataa chai, posa imekufa. Mama akanikata jicho.

"Mwiitu," mzee akaniita, yaani binti, "sisi tumekuja kuomba binti ama kutembea tu?"

Nikasema wamekuja kuomba.

"Basi nipatie hiyo ya kubanduka. Ya maua ni ya mgeni."

Nilimmiminia mwenyewe. Alikwaruza doa kwa ukucha, akagundua ni rangi tu, akacheka mpaka chai ikamwagika. Wenzake wote wakasukuma vya maua kando.

Jioni, kabla sijarudi Athi River, nilianza kuvifunga vikombe vyangu. Niliondoka huko asubuhi nikidhani kazi yangu ni kuchekesha watu kwa mambo ya zamani. Sasa nilijua inaweza kumtoa mtu kwenye ugeni. Mama akaninyang'anya magazeti.

"Wacha hizo," akasema. "Mutheu ataenda nazo Kivaa. Sitaki akunywe huko kama mgeni."