Anakuja Jumanne na Alhamisi

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga ukimuuliza njia atakusindikiza mpaka mlangoni. Sasa mchukue mtu huyo umfanye mkutubi, basi tena. Serikali ilinileta Kigoma, nikapewa meza ya maulizo, na kazi yangu miaka yote ikawa hiyo: msomaji anauliza, mimi natafuta mpaka napata. Nikikosa jibu, hata chakula hakipiti. Wenzangu walikuwa wakinicheka, eti mtu akiniuliza choo kiko wapi nitamfungulia kitabu.

Miaka ile Warundi walikuwa wamevuka tena. Malori yaliwapeleka kambini, lakini si wote waliokwenda. Wengine walijibanza kwa jamaa zao Ujiji na Rusimbi, wakawa watu wa kimyakimya, wa kupita sokoni bila kusimama. Maktaba yetu haikuwa mbali na soko la Mwanga, na baadhi yao walikuja kusoma. Hatukumuuliza mtu katoka wapi. Kiti kipo, kitabu kipo, kaa usome.

Ndipo tukaitwa semina. Kila maktaba iwe na ukurasa wake mtandaoni, tukaambiwa, tuzungumze na wasomaji wetu huko waliko. Mimi kompyuta ya ofisi nilikuwa naitumia kuandika barua na kucheza karata, basi. Mwalimu wa semina alikuwa binti mdogo, kucha ndefu, anaipapasa simu kama anachambua mchele. Nilimchukia tangu asubuhi. Kila nikikosea alikuwa anasema, "Mama, taratibu," na mimi moyoni nasema taratibu mwenyewe, nimeanza kazi hujazaliwa. Lakini kuna jambo alilisema, na nataka liandikwe kuwa alilisema. Alisema, "Mama zangu, huu si ubao wa matangazo pale getini. Dunia nzima inapita." Halafu akasema tusiache komenti hata moja bila jibu.

Hilo la pili nililishika vizuri. La kwanza nilikuwa natafuta miwani.

Nikaanza. Picha ya rafu mpya za vitabu ilipata laiki tatu, moja yangu mwenyewe. Nikampigia yule binti, akacheka. "Weka watu, mama. Nani anataka kuangalia rafu?"

Na mtu nilikuwa naye. Kulikuwa na mama mmoja, Mrundi, aliyekuwa mwalimu huko kwao. Alikuwa akiishi Rusimbi kwa familia yenye asili ya Kongo, yeye na watoto wake, na mama mwenye nyumba alikuwa anamshikia watoto siku mbili kwa wiki ili apumue. Hizo siku mbili alizileta kwetu. Alikuwa akichukua vitabu vya hesabu vya shule ya msingi, anakopi maswali kwa mkono, maana watoto wake hawakuwa shuleni na aliwafundisha mwenyewe nyumbani. Mwandiko wake ulikuwa wa ubaoni, mkubwa, umesimama. Nilimpenda sana yule mama. Nilikuwa namwekea kiti cha dirishani, na akichelewa mtu mwingine akakikalia, namwondoa.

Nikamwomba picha. Akaweka kalamu chini.

"Inakwenda wapi, dada?"

"Hapahapa kwetu. Ukurasa wa maktaba."

"Hapahapa?"

"Hapahapa, usiwe na wasiwasi."

Sikumdanganya, Mungu ananiona. Kichwani mwangu ukurasa wa maktaba ulikuwa ule ubao wetu wa getini, wanaoutazama ni wanafunzi wanaosubiri mvua ikatike. Akajifunga kitambaa vizuri, akatabasamu, nikapiga.

Kisha nikaandika maelezo, na hapo ukutubi wangu ndio ulioniponza. Mkutubi hajui kuandika nusu. Nikaandika kama ninavyoandika kadi ya kitabu: jina lake kamili, mkoa aliotoka kwao, kazi aliyokuwa akiifanya, anachosoma, na maktaba yetu iko wapi. Nikasoma tena nikaridhika, hakuna kilichopungua.

Jamani, ile picha ilivyotembea! Laiki zilikuwa zinaingia mpaka simu inasogea mezani. Watu wakaishea, watu wa watu wakaishea. Jikoni naunguza samaki wangu wa migebuka nasoma komenti. Nyingine zilikuwa Kirundi, sikuelewa neno, nikajibu zote "Karibu sana." Halafu ikaja moja ya Kiswahili: "Huyu mama bado anafika hapo? Siku zipi?"

Swali zuri, linalojibika. Nikajibu saa ileile: "Ndiyo, karibu. Anakuja Jumanne na Alhamisi, asubuhi." Nikaweka na kile kikaragosi cha kucheka. Nikikikumbuka kile kikaragosi natamani nijizabe kofi.

Na mimi huyuhuyu niliwahi kumtoa mkuu wa shule mmoja ofisini, mtu mzima na tai yake, kwa sababu alitaka nimwambie mwalimu wake anaazima vitabu gani. Nilimwambia siri ya msomaji haitoki hapa. Nilitembea wiki nzima nimevimba kifua.

Alhamisi tulipofungua tu, akaingia mwanamume mrefu, koti safi, viatu vimepigwa rangi lakini vimejaa vumbi la safari. Akavua kofia. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Hakutazama vitabu kabisa.

"Namsubiri yule mama wa kwenye picha," akasema, kwa lafudhi ya kule ng'ambo, Burundi. "Mliandika anakuja leo."

Nikamwambia akae, na yeye akaenda kukaa palepale dirishani, kwenye kiti cha mama wa watu, akaweka kofia magotini na macho mlangoni.

Niliingia ofisini nikafunga mlango. Nikaufungua ukurasa, nikasoma upya nilichoandika, na safari hii nilikisoma kama mtu anayemtafuta mtu. Kila kitu kilikuwemo. Sikufikiri, sikumpigia mtu simu. Nilitafuta neno moja tu, Futa. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza nina hakika, na picha, na maelezo, na komenti zote zikaondoka. Nikashusha pumzi, nikajiona nimefanya la maana.

Kisha nikatokea mlango wa nyuma, na kandambili za ofisini, nikakimbilia barabara anayokuja nayo. Nilimkuta karibu na mafundi cherehani wa Mwanga, begi lake la vitabu begani. Nikamvuta pembeni, nikamweleza yote hapohapo cherehani zikilia: picha imefika mbali, mtu aliuliza siku zako, mimi ndiye niliyemjibu, sasa yuko ndani anakusubiri.

Nilitegemea anitukane. Ningeshukuru.

"Yukoje?" akauliza.

Nikamweleza. Mrefu, mwembamba, anainama kidogo akitembea, mpole.

Alishika kamba ya begi kwa mikono miwili. "Kaka yangu ni mrefu," akasema. "Tulipotezana njiani, sijui kama yu hai. Na waliomchukua mume wangu nyumbani, mmoja wao alikuwa mrefu hivyohivyo, na yeye alibisha hodi kwa upole. Siwezi kwenda kuchungulia, dada. Nikikosea, watoto wangu wamebaki peke yao."

Akafikiri. "Nenda kamuulize jambo moja. Mama yetu alikuwa na jina tulilomwita sisi watoto wake tu, ndani ya nyumba. Muulize ni lipi. Akikutajia, njoo uniambie."

Nikarudi mbio. Kiti kilikuwa kitupu. Mhudumu mwenzangu akasema yule baba alisimama akachungulia ofisini, akaona simo, akauliza mama wa mapokezi kaenda wapi, akatoka. Hakusema anarudi. Nikazunguka jengo, nikatazama barabara juu na chini. Hayupo. Labda aliona nimebadilika uso, akaogopa na yeye. Labda alinifuata. Hilo la kunifuata lilinijia nikiwa bado nahema, nikarudi kwa mafundi nikiangalia nyuma kila hatua.

Mama alikuwa amesimama ndani ya kibanda, nyuma ya magauni yaliyotundikwa. Nikamwambia nimemkosa. Kwa mara ya kwanza uso wake ukapata matumaini.

"Si kitu, dada. Si aliandika kule kwenye ukurasa? Nionyeshe alichoandika. Watu wanaweka na picha yao. Hata asipoweka, kaka yangu nitamjua."

Simu nilikuwa nayo mkononi.

"Nimefuta," nikasema.

"Umemfuta yeye?"

"Nimefuta vyote. Niliona nakukinga."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa ananipima tu, kama mwalimu anavyompima mtoto ambaye hatafaulu. "Basi dada," akasema. Akatoa begini vitabu vyetu vya hesabu, akanikabidhi, akaondoka kwa njia ya nyuma ya vibanda.

Jioni nilifika Rusimbi. Mama mwenye nyumba alinijibu akiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu. Wameondoka mchana uleule, yeye na watoto. Hakuaga anakokwenda. Huenda kambini, huenda boti za kaskazini, upande wa Mwamgongo. Nimeulizia kote. Ninajua kutafuta, ndiyo kazi yangu, na sikupata.

Ukurasa uliendelea, maana wakubwa walitaka ripoti. Nikawa naweka picha za rafu. Wiki kadhaa zikapita, nikapandisha picha ya vitabu vya msaada vilivyofika, na chini yake pakaja komenti: "Mama, picha ya dada yangu mliitoa kwa nini? Nilikuja, nikaona mmeniogopa."

Picha aliyoiweka kando ya jina lake mwandishi huyo ilikuwa ya ziwa tu, bila mtu. Sikumjibu hadharani, hilo nilikuwa nimeshajifunza. Nilimfuata kwenye ujumbe wa siri, nikamwandikia: mama yenu, nyinyi watoto mlikuwa mnamwita nani ndani ya nyumba?

Alijibu papo hapo. Neno fupi, la kitoto, la Kirundi. Chini yake akaandika, "Amekuambia hilo? Basi yu hai. Yuko wapi?"

Mama wa watu alinipa swali, hakunipa jibu lake. Sijui kama neno lile ndilo. Anayejua ni yeye, na yeye nilimfukuza mimi.