Ulimi wa Mama Zenobia

Zenobia Huaranga aliuza tarwi katika soko la Carhuaz, mji wa milimani huko Peru, tangu usichana wake, na hakuna mteja aliyewahi kumlaumu. Tarwi ni punje nyeupe zenye uchungu mkali. Huchemshwa, hutiwa guniani, kisha gunia hufungwa kwenye jiwe kijitoni mpaka maji yauondoe uchungu wote. Ulimi wa mwenyewe ndio unaoamua kama ziko tayari.

Jumamosi ile alitoka kuvuna viazi, shavu limejaa majani ya koka aliyoyatafuna tangu alfajiri ili asisikie baridi wala njaa. Akapitia kijitoni, akachomoa punje moja, akaionja.

"Tayari. Kesho tunauza."

Lidia, mke wa mwanawe, aliyeolewa kutoka pwani, alikuwa pamoja naye, naye akaonja. Akakunja uso. "Mama, mbona bado chungu?"

"Chungu! Nyie watu wa pwani mnajaza sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama. Ulimi wako umeharibika, mwanangu."

"Haya, wangu umeharibika. Na wa wateja je?"

Zenobia alipandwa na hasira. Alijaza bakuli, akakamulia ndimu, akala zote huku akimkazia macho mkamwana wake.

Jioni kinywa kilimkauka kama kimejazwa sufi. Sura ya Lidia ikawa ukungu mtupu. Aliposimama, miguu ikayumba. Lidia akamshika kiunoni, wakateremka polepole hadi zahanati.

Muuguzi Edilberto alimsikiliza Lidia akieleza habari za tarwi, akammulika Zenobia machoni, akakuta mboni zimetanuka. "Tarwi hii imetolewa majini mapema, mama. Sumu iliyo katika uchungu wake huzuia ujumbe wa neva, ndiyo maana mate yamekatika na macho hayaoni sawasawa. Bahati nzuri hukula nyingi mno, itapita. Ulikuwa na koka mdomoni ulipoonja?"

"Mimi nikose koka mdomoni? Lini?"

"Basi koka iliutia ganzi ulimi. Umemuuliza shahidi aliyelala."

Zenobia hakucheka. Aliwawaza watoto wanaokula tarwi zake sokoni, wakichota kwa vidole. "Ningewalisha watu hii," alisema.

Kesho yake alikwenda sokoni na beseni tupu.

"Shoga, leo unatuuzia upepo?" aliuliza Teofila, mteja wake wa siku nyingi.

"Tarwi bado chungu. Mimi nilisema tayari, mkamwana wangu akakataa. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi."

"Heee! Zenobia amekubali kosa! Jamani, nishikeni nisianguke!" Teofila alicheka mpaka akajifuta machozi. "Jumapili ijayo niwekee mabakuli mawili. Mtu anayeona heri arudi nyumbani mikono mitupu kuliko kunidhuru, huyo chakula chake nakila nimefumba macho."

Gunia lilikuwa limekwisha kurudishwa kijitoni. Siku ya kuonja ilipofika, Zenobia alimpa Lidia punje ya kwanza, akangoja. Lidia alitafuna taratibu, akatikisa kichwa.

"Bado kidogo, Mama. Tuziache mpaka kesho."

Zenobia akaingia majini, akalifunga gunia upya.

"Kaza fundo," Lidia alisema.

"Na kamba nayo unanifundisha?" Zenobia aliguna. Lakini alikaza.