Nyasi Nilizoamuru Zichomwe

Ipo siku moja ya mwezi wa tatu ambayo nimeikumbuka mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu, na wala haikuwa siku ya maana. Hakufa mtu, hakufukuzwa mtu kazi. Niliamuru nyasi zichomwe, basi. Mwanangu, kaa nikueleze, na ukiona sauti yangu imepanda ujue sijakukasirikia wewe. Namkasirikia kijana mmoja wa miaka ishirini na sita aliyekuwa akitumia jina langu.

Nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi huko juu, upande wa Mpepai. Kwetu ni Lipingo, ziwani, kwa hiyo milimani nilikuwa mgeni, ingawa nilijiona mwenyeji wa kila mahali kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Ilikuwa miaka ile soko huria linaanza. Maduka ya Mbinga mjini yalikuwa yamerudi kuwa na sabuni, na wanunuzi wa kahawa wa kila aina walikuwa wakipita vijijini na magari yao. Mimi nilikuwa nimepata shati la mtumba lenye mifuko miwili, nikaweka kalamu katika kila mfuko. Nakueleza hayo ili umwone vizuri huyo mtu.

Tukaambiwa mkaguzi anakuja Ijumaa, na mwalimu mkuu akanichagua mimi nifundishe somo mbele yake. Nilitaka kufanya jambo jipya. Wenzangu wote walifundisha kwa kuandika ubaoni na watoto kunakili. Mimi nikasema darasa langu litatoka nje. Tutachimba ngoro kwenye mteremko ulio nyuma ya darasa, watoto wapime pande, watafute eneo, na humohumo wajifunze hifadhi ya udongo. Somo la hesabu na la kilimo kwa mpigo mmoja. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, hata leo nasema lilikuwa zuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ngoro ni mashimo ya Wamatengo, mwanangu, kama hujawahi kufika kwao. Wanafyeka nyasi, wanaziacha zikauke, kisha wanazilaza mistari kwa mistari zikikatana, mteremko mzima unakuwa vyumba vya mraba. Halafu wanachimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuufukia juu ya nyasi. Katikati panabaki shimo la kushika maji, na mazao yanapandwa juu ya matuta. Mimi hayo niliyasoma kitabuni jioni mbili. Wanafunzi wangu walikuwa wameyafanya tangu wanaanza kutembea.

Walilaza nyasi Jumanne. Kazi ile kwao ni ya wanaume, wanawake huja kuchimba, lakini aliyeongoza alikuwa msichana mmoja, Editruda. Aliishi na bibi yake, nyumbani kwao hapakuwa na mwanamume, kwa hiyo nyasi za shamba lao alilaza yeye. Wavulana walimtania, "Baba Editruda, mstari huu umepinda?" naye akawajibu, "Umepinda kama miguu yako, unyooshe." Wakaunyoosha.

Jumatano asubuhi nikaenda kukagua. Nikaona nini? Takataka. Nyasi kavu zimetapakaa mteremko mzima, na mkaguzi anakuja kesho kutwa. Kwetu Lipingo uwanja uliofagiwa ukabaki mchanga mtupu ndiyo heshima ya nyumba, na shuleni nilikolelewa alama za usafi zilitangulia alama nyingine zote. Nikawaambia wakusanye nyasi zote, wachome, wafagie, halafu ndipo wachimbe miraba yao mahali pasafi.

Walitazamana. Editruda akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tukichoma nyasi hakuna ngoro. Nyasi ndizo zinashika tuta."

Mtoto mmoja akacheka. Nadhani alicheka kwa woga, lakini mimi nikasikia ananicheka mimi.

"Umekuwa mwalimu lini, Editruda?"

"Hapana, mwalimu, nasema tu."

"Njoo mbele basi. Darasa, msalimieni mwalimu mpya. Semeni: shikamoo, Mwalimu Editruda."

Wakasema. Watoto arobaini na zaidi, wengine wakicheka, wengine wakitazama chini. Nikawasemesha tena, kwa sauti zaidi. Kisha nikamwambia aende nyumbani, asirudi bila mzazi. Sikumchapa. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba sikumchapa, kana kwamba ningemchapa ingekuwa mbaya kuliko ile.

Nyasi zikachomwa. Miraba ilitoka imenyooka, matuta meusi laini, ungedhani imechorwa kwa rula. Nilisimama pale nikaipenda. Alhamisi mchana mvua ikanyesha, mvua ya kawaida tu ya mwezi wa tatu, na ilipokatika hapakuwa na tuta hata moja. Udongo wote uliteremka ukafunika kitalu cha miche ya kahawa ya shule.

Ijumaa mkaguzi akaja, akasimama pembeni akiangalia viatu vyake. "Hii ndiyo hifadhi ya udongo?" akauliza. "Nani amechimba hivi?"

Hapo nilikuwa na nafasi, mwanangu. Sentensi moja tu ingetosha. Nikasema, "Wanafunzi, mzee. Hawa wa huku ni wazito kidogo kuelewa maelekezo."

Wanafunzi walikuwa nyuma yangu, wamepanga mstari. Walisikia kila neno.

Jumatatu bibi yake Editruda akaja ofisini, jembe begani, mjukuu nyuma yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimeitwa, nimekuja. Mtoto ameiba?"

"Hapana, bibi. Alinibishia mbele ya darasa."

"Alibisha nini?"

Nikaanza kuzunguka. Nikataja nidhamu, nikataja heshima, nikataja kwamba mtoto wa siku hizi asipokanywa mapema anaharibika. Akaningoja mpaka maneno yakaniishia.

"Nimekusikia. Sasa niambie alisema nini."

"Alisema nyasi zisichomwe."

Akageuza shingo, akatazama dirishani. Tope lile lilionekana lote.

"Na zilichomwa?"

"Zilichomwa."

"Kwa hiyo nimeacha maharage yangu, nimepanda mlima wote huu, nije kuambiwa mjukuu wangu alisema kweli."

Mwalimu mkuu akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Wewe ni mtu wa ziwani," bibi akaendelea. "Mimi nikishuka kwenu leo, nikawakuta mama zako wameanika usipa, nikawaambia watoe visamaki hivyo vinachafua uwanja, watanifanya nini?"

"Watakucheka, bibi."

"Watanicheka, halafu wataniacha niende zangu na ujinga wangu. Huyu hakukucheka. Alikuambia. Tunawaleteeni watoto muwafundishe wasichokijua, mwalimu. Wanachokijua mnawanyang'anya cha nini?"

Akainua jembe lake.

"Ulimsema mbele ya wenzake. Ulipokosea ukaseme hukohuko, mbele ya wenzake. Kusema humu ofisini hakunisaidii."

"Nitaongea naye, bibi."

"Sikusema uongee naye," akajibu, akatoka.

Editruda akarudi darasani siku hiyohiyo. Kutoka ofisini mpaka darasani ni hatua chache, na mimi sikuzitembea. Nilisema nitazungumza kesho. Kesho nikaona ni afadhali tope lisombwe kwanza. Ukaja mtihani wa muhula, ikaja likizo, nikajiambia watoto husahau. Watu wazima hupenda sana kusema watoto husahau, sijui wanawazungumzia watoto gani.

Siku moja, miezi baadaye, nikiwa ubaoni na haraka zangu, niliandika kwamba eneo la mraba wenye upande wa mita tatu ni mita za mraba kumi na mbili. Nilikuwa nimechanganya eneo na mzingo. Nikageuka, nikaona Editruda ameacha kuandika. Anatazama ubao. Akanitazama mimi. Alikuwa amelijua kosa, nilimwona kabisa amelijua. Kisha akainamisha kichwa, akaandika kumi na mbili.

Nilipokusanya madaftari nilikuta darasa zima limeandika kumi na mbili. Lake lilikuwa safi kuliko yote. Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi sijui nimpe vema au nimpe kosa.

Mkono ule haukunyooshwa tena mpaka akamaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache mno miaka ile, huenda hata asingenyamaza asingechaguliwa. Najifariji hivyo, na faraja yenyewe hainishiki. Bibi yake alifariki, na yeye, nasikia, aliolewa mbali, huko Chiwanda. Neno lile sikuwahi kumwambia.

Sasa juzi mjukuu wangu, yupo darasa la sita, ananiomba nimnunulie dukani mfano wa moyo wa binadamu uliokwisha tengenezwa, aupeleke shuleni aseme ni kazi yake. Nikamwuliza kwa nini asiufinyange kwa udongo. "Babu, wa udongo unachafua, mwalimu hataki." Nikatoka nje, nikakaa peke yangu mpaka hasira zikapungua. Miaka yote hii, bado tunafagia! Somo linaitwa la ubunifu, na kitu cha kwanza tunachomkataza mtoto ni kugusa.

Basi nakuambia wazi, mwanangu. Ukiwa mwalimu, ukalipeleka darasa nje, ujue umekwenda mahali ambapo mtoto anaweza kuwa anajua kuliko wewe. Kama hilo linakutisha, baki ubaoni, usimpeleke akakuonyeshe kisha umwadhibu kwa kukuonyesha. Uliza kabla hujaamuru. Darasa likionekana chafu, uliza uchafu ule una kazi gani. Na ukikosea, kosa lirekebishe palepale ulipolifanya, mbele ya walewale, siku ileile, maana ukilala nalo usiku mmoja utalala nalo arobaini. Ukiwa bado mwanafunzi, na umeona kumi na mbili ubaoni pale panapotakiwa tisa, sema kwa adabu. Ukizomewa, sema tena kesho. Aibu ile si yako, ni ya mwenye chaki.

Mungu akujalie watoto watakaokuambia umekosea, akujalie na ulimi mwepesi wa kuwajibu ukiwa umesimama mbele yao wote: kweli, nimekosea, nifundisheni. Mimi nilipewa mmoja, nikamnyamazisha. Wewe akupe wengi, na wasinyamaze.