Picha Iliyofichwa Uso

Waliiita shule ya kiangazi, na ilikuwa Julai. Anayekaa Kitengela anaijua Julai: baridi ya kuuma masikio, upepo unaotoka uwandani na vumbi lake, na jua linalochungulia saa saba na kutokomea saa tisa. Nilimuuliza mwalimu mkuu wa shule hiyo, profesa mmoja mama aliyetoka ng'ambo, kiangazi chenyewe kiko wapi. Akanieleza kwa upole kwamba kwao ndio wakati wa joto, na shule za aina hii huitwa hivyo popote zinapofanyika. Nikasema sawa, nikafunga sweta. Lakini sikupenda. Mtu anayeweza kukaa ndani ya baridi yako na kuiita joto, nilijiambia, huyo ni wa kuangaliwa.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Fundi akimaliza kazi mapema, narudi nyuma yake kukagua. Nikikaribishwa chai kabla sijakaa, nauliza kuna nini. Mama yangu alikuwa hivyo, na wadogo zake wote wako hivyo. Kwa hiyo siku waliponichukua niwe mkalimani wao wa Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza, kwa wiki mbili za kuwafundisha vijana haki za binadamu, niliingia katika ule ukumbi wa hoteli nikiwa nimekunja uso.

Na mambo ya kushuku hayakukosekana. Tulisaini karatasi ya mahudhurio asubuhi, tukaisaini tena baada ya chakula, kana kwamba tungegeuka watu wengine kwa kula wali. Kila mzungumzaji alishukuriwa kabla hajasema lolote. Mhadhara juu ya haki ya chakula ulikatwa katikati kwa sababu nyama choma ilikuwa imeiva na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Vijana wenyewe walikuwa kama ishirini, wengi wa nchi za mbali, wachache wa kwetu. Asubuhi walifundishwa, alasiri walipelekwa kuonana na watu, na siku ya mwisho lingekuwa kongamano, kila mmoja aonyeshe alichojifunza mbele ya wageni waalikwa.

Nilijichagulia mmoja wa kumshuku zaidi. Alikuwa kijana wa Kizungu, mrefu, mkimya, mwenye daftari jeusi asiloliweka chini hata wakati wa chai. Wenzake wakicheka, yeye anaandika. Nikimsogelea, analifunga. Nikasema, huyu ndiye anayechukua vitu vyetu. Niliyempenda alikuwa msichana wa Nairobi, mwanafunzi wa sheria, mtoto wetu kabisa, aliyeniita auntie na kunishikia kiti. Huyo sikumshuku hata kidogo.

Wiki ya pili profesa aliniuliza kama ninamjua mjane yeyote mwenye shida ya ardhi ambaye angekubali kuzungumza na vijana. Nilimjua. Ni mdogo wa mwisho wa mama yangu, mama mdogo wangu, anayekaa nje kidogo ya mji wa Kajiado. Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita na ardhi yao bado ina jina la marehemu. Sehemu moja inagusa lami, na siku hizi kila kinachogusa lami kinatafutwa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, wanayeishi naye boma moja, alikuwa ameanza kuleta watu wenye viatu vya mjini kila Jumamosi. Wanapima kwa hatua, wanaelekeza vidole, wanaondoka.

Mama mdogo alikuwa akitafuta njia ya kuizuia ardhi isiuzwe, polepole, bila mtu kujua. Shemeji akijua tu, angekimbia kwa chifu kuandikisha barua kwamba familia nzima imekubali kuuza, na barua kama hiyo ikishaandikwa, kuing'oa ni kazi.

Nilimshawishi azungumze. Nilijiambia kwamba kati ya wale wageni hapangekosa mwanasheria wa kumsaidia, na hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilitaka profesa aone kuwa mimi si mdomo wa kukodiwa tu, nina watu. Haya nayasema leo. Wakati ule nilisema la kwanza tu.

Tulikwenda Jumatano, vijana sita na profesa. Shemeji alikuwa mnadani. "Takwenya, yeyo," nilimsalimu kwa Kimaasai, yeyo yaani mama. "Iko," akaitikia, huku macho yake yakiwahesabu wageni mmoja mmoja. Yule msichana wa Nairobi akatoa fomu ya ridhaa, karatasi mbili za Kiingereza, moja ya kubaki na mama mdogo, nikaanza kuitafsiri.

Palikuwa na sentensi iliyosema kwamba watafiti watajitahidi kadiri ya uwezo wao kuficha utambulisho wa mshiriki. Nilipofika hapo nilimwangalia mama mdogo. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, na nilijua nikimwambia "watajitahidi" atasimama aende kukamua mbuzi. Basi nikamwambia, "Hakuna mtu hata mmoja atakayejua ni wewe."

Mama mdogo alichukua nakala yake, akaikunja. Kisha akaweka dole gumba kwenye wino, akazungumza saa nzima. Alisema mambo ambayo hata mimi sikuwa nayajua: jinsi shemeji alivyomwambia mjane hana mpaka wala ardhi, jinsi anavyolala na hati ya ardhi chini ya kichwa. Baadaye msichana akaomba picha moja. Sikuona ilivyopigwa, kwa sababu yule wa daftari alikuwa amezunguka nyuma ya boma peke yake, nami nilikuwa nimemfuata nione anaandika nini.

Siku ya kongamano ukumbi ulijaa. Walikuja watu wa ofisi mbalimbali, wachungaji, na wazee kadhaa wa Kajiado, akiwemo mmoja wa koti la kijivu ambaye nilijua anakaa kwenye kamati za ardhi huko. Nilimshuku tangu alipochagua kiti cha mbele. Msichana wetu aliposimama, nilikaa sawasawa kwa fahari. Alizungumza vizuri. Hakutaja jina. Hakutaja Kajiado, alisema "mjane mmoja kusini mwa nchi." Halafu picha ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa duka, na uso wa mama mdogo ulikuwa umefunikwa kwa mraba mweusi, safi kabisa.

Na nyuma yake alikuwa amesimama ng'ombe.

Amesimama ubavu, ametulia, kama mtu wa picha ya kitambulisho. Ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe begani, sikio la kushoto limekatwa kwa mkato wa boma lile, na pajani alama ya moto ya marehemu mume wake, unaiona hata ukiwa mlangoni. Kwetu mtu anaweza kupita barabarani usimjue, lakini ng'ombe wake ukimwona mnadani utataja mwenyewe, baba yake, na mahali anaponywesha. Walikuwa wamemfunika mama mdogo na kumwacha wazi yule mwenye habari zote. Mtoto wa ghorofani Nairobi angejuaje? Yeye aliona picha ya mwanamke. Nusu ya ule ukumbi iliona picha ya ng'ombe.

Mzee wa koti la kijivu akainua mkono.

"Asante sana, msichana yangu. Hiyo maneno imekuwa mzuri. Mimi niko na swali moja tu. Hiyo ng'ombe ni ya huku?"

"Hiyo ni background tu, mzee," msichana akajibu akitabasamu.

Nikajikuta nimesimama bila kuitwa. "Ni ya Loitokitok, mzee," nikasema. "Mbali sana."

Nilisema uongo mbele ya profesa na bango lenye maandishi makubwa ya haki. Mzee aligeuka, akaniangalia kuanzia viatu hadi kilemba. "Loitokitok," akarudia. "Sawa." Akatabasamu, na lile tabasamu sijalielewa hadi leo. Nyuma yake niliona simu mbili au tatu zimeinuliwa, zinapiga picha ukuta. Dakika chache baadaye mzee akatoka nje kupokea simu. Nikamfuata mpaka kwenye maegesho, lakini upepo wa Kitengela ulibeba kila neno lake na sikusikia kitu.

Nilimvuta msichana kando nikamweleza. Alilia. "Lakini nilificha sura, auntie. Hata place nilibadilisha." Aliifuta picha palepale, na sikuweza kumkasirikia. Nilipotoka hapo nikiwa nafuta macho yangu mwenyewe, aliyenisimamisha kuniuliza kama niko sawa alikuwa yule kijana wa daftari. Alikuwa amelisahau wazi mkononi. Ndani mlikuwa na ndege. Kurasa kwa kurasa za ndege wa uwandani, kanga, korongo, mbuni, amewachora kwa penseli. Nilikuwa nimemchunga yeye wiki mbili nzima.

Simu ya mama mdogo haikupatikana jioni hiyo. Sikulala vizuri. Nilimwona akitolewa na virago vyake, nikaona barua ya chifu ina mhuri tayari, nikamwona mzee wa kijivu akicheka. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa Kajiado.

Kitu cha kwanza nilichoona ni miiba. Nje ya boma palikuwa na zizi dogo jipya, miiba bado mibichi, na ndani yake ng'ombe wa mama mdogo peke yao, yule mwekundu akiwa mbele. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba yake. Nilimsalimu, akaitikia, nikaanza kueleza mbio mbio, lakini akanizuia kwa mkono.

"Najua," alisema. "Shemeji alikuja jana jioni na simu. Akanionyesha mimi mwenyewe, sina kichwa."

"Akasema nini?"

"Akasema nitoe ng'ombe wangu kwenye boma lake, kwa kuwa nimempeleka kwa Wazungu."

Niliuliza lililokuwa likinichoma. "Na ardhi, yeyo?"

"Ardhi haiuziki. Leo asubuhi amekwenda ofisini akaambiwa ina zuio. Nililiweka Ijumaa."

Nilihesabu kwa vidole. Tulizungumza naye Jumatano. Kongamano lilikuwa Jumatatu. Ijumaa hakuna aliyekuwa ameonyesha picha yoyote popote. Nikamuuliza ni nini kilimfanya aharakishe hivyo wakati alikuwa amepanga kwenda polepole.

Akaingia ndani, akatoka na ile nakala yake ya fomu, imekunjwa mara nne. Jirani yake ana binti aliyemaliza sekondari mwaka jana. Tulipoondoka tu, mama mdogo alimpelekea ile karatasi amsomee. Binti huyo alimsomea mstari kwa mstari kwa Kimaasai.

"Karatasi inasema watajitahidi," mama mdogo alisema. "Wewe ulisema hakuna atakayejua. Nikaona basi watu watajua. Asubuhi yake nikaitoa hati chini ya kichwa, nikaenda kupiga picha za pasipoti."

Nilifurahi, nisidanganye, kwa sababu ardhi ilikuwa salama na madhara ya uongo wangu yalikuwa yamechelewa kumfikia. Na papo hapo niliumia. Mimi ninayewashuku mafundi, ninayemfuata mchora ndege nyuma ya zizi, sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba ningeweza kuwa upande wa pili, wa kushukiwa. Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia, akaniletea chai, nami kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliipokea bila kuuliza.

Tulikunywa tukiangalia ng'ombe. Shemeji alipita kwa mbali, hakutusalimu. Mama mdogo akaniambia kwamba msajili wa ardhi amewaita wote wawili, yeye na shemeji, Jumatatu ijayo saa nne, kila mmoja aseme lake. Msajili si mtu wa huku, Kimaasai hajui, na Kiswahili cha mama mdogo ni cha sokoni.

Hapo ndipo ningemfaa. Nikamwambia nitakuja Jumapili nilale kwake, tuingie ofisini pamoja, nitafsiri neno kwa neno, nisipunguze wala nisiongeze.

Alinimiminia chai iliyobaki, akalitikisa birika kuhakikisha imekwisha.

"Nimeshamwambia binti wa jirani," alisema. "Amekubali."

"Yule ni mtoto, yeyo. Ofisi za ardhi hazijui."

"Ndiyo, hazijui." Alisema bila hasira, kama anavyosema na mtu wa nyumbani. "Wewe kaa tu Kitengela, mwanangu. Tukitoka, nitakupigia simu."