Siku Tulipomlilia Yaya Orpha Akiwa Angani

Tulimlilia dada yangu mchana kweupe. Machozi hayajakauka, akapiga simu.

Najua wengine mtasema natunga. Semeni tu. Majirani zetu hapa Kisangani, karibu na maporomoko, walishaleta viti vya matanga. Waulizeni wao.

Naitwa Osée. Chuo nimemaliza mwaka jana, kazi bado natafuta, na bado naamini itapatikana. Yaya Orpha ni dada yangu mkubwa, ndiyo maana namwita yaya. Alipata nafasi ya kusoma Kanada, akaondoka mwezi wa kwanza, wakati kule baridi inauma kama meno.

Siku ya kufika kwake tulikaa uani, macho yote kwenye simu yangu. Kuna programu inayoonyesha ndege zilipo. Kidude cha njano kilikuwa kinatambaa juu ya ramani kama mdudu, na ndani ya mdudu huyo alikuwamo dada yangu.

Mama alikaa pembeni, akichambua pondu, yale majani ya muhogo.

"Iko wapi sasa?"

"Imekaribia, Mama. Inashuka. Ila kule theluji inaanguka."

"Theluji njo nini?"

Tonton Zéphirin, ndugu yake, aliwahi kupakua mizigo ya ndege pale uwanja wa Simi-Simi. Tangu hapo anajiona rubani. Akanitangulia kujibu.

"Emilie, theluji ni maji tu. Maji yenye kukataa kutembea."

"Donc ndege itatua juu ya maji?"

"Juu ya maji yenye kulala. Usiogope, bwana! Ile ndege iko na breki kuliko bibi yangu."

Tulicheka wote. Mama hakucheka. Aliweka majani chini.

"Maji tena," akasema.

Sikulitilia maanani neno hilo.

Namba za kimo zilikuwa zinashuka. Futi elfu moja. Mia sita. Mia mbili.

Halafu kidude kikapotea.

Nikagusa kioo. Nikafunga, nikafungua. Ramani ilikuwepo. Uwanja ulikuwepo. Ndege haikuwepo.

"Osée, alors?"

Nikamtazama. Uso wangu ulishajibu.

Mama akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Ulikuwa kama kitu kilichokaa kifuani mwake miaka mingi kikingoja mlango ufunguliwe. Alijitupa chini, pondu ikatapakaa. Dada yake, Tantine Marceline, akamkumbatia ili asijiumize. Mama akazidi kulia:

"Maji imekukula! Nguo yako ya njano iko hapa, nani atavaa?"

Mengine sikuyasikia, kwa sababu nami nilikuwa nalia. Tonton alikuwa analia. Majirani wakaingia mbio, wakatuona, wakaanza kulia bila kuuliza. Ndivyo tulivyo kwetu. Mtu analia kwanza, sababu ataijua baadaye. Viti vikaja. Mtu mmoja akawa anafunga turubai.

Simu ikaita.

Jina lilikuwa la Yaya Orpha.

"Leki," akasema. Ndivyo anavyoniita, mimi mdogo wake. "Tumefika. Mbona kelele hivyo?"

Nikaweka spika, nikamkimbilia Mama.

"Mama, ni Orpha! Iko muzima!"

Mama akajivuta nyuma, kama nimemletea moto.

"Ondosha ile simu."

"Mama, ni sauti yake!"

"Nimeshamulilia, Osée."

Aliyekuwa anafunga turubai akaiachia kamba.

Katika familia yetu kuna neno la zamani: mtoto akishaliliwa na mama yake, hajibiwi tena. Kilio cha mama kimemkabidhi huko kwa wafu. Akiita ukamjibu, umeufungulia mzimu mlango wa nyumba. Tunasali kila Jumapili, lakini neno hilo hata mchungaji hajaling'oa.

"Emilie, mzimu gani iko na mabegi?" Tonton akajaribu. "Sikia, watu wanaongea Kifaransa nyuma yake!"

Mama akaziba masikio.

Yaya Orpha alikuwa anasikia yote. Siku yake ya kwanza ugenini, peke yake, na mama yake hataki hata kulitaja jina lake.

"Leki, nitaishi namna gani huku, kama kwa Mama nimekufa?"

Nikamwambia anisimulie ilivyokuwa, ili tu asikate simu.

"Dirishani ilikuwa nyeupe. Juu nyeupe, chini nyeupe. Hakuna udongo, leki. Ndege ilikuwa inatupwa kama pirogue ya wavuvi kwenye maporomoko. Magurudumu yakagusa, kisha mkia ukateleza, nikaona tunakwenda pembeni. Mara injini zikanguruma, tukapaa tena. Watu wakapiga kelele. Mzee mmoja akanishika mkono, sijui hata kama alijua ni mkono wa nani.

"Tukazunguka. Nikaona magari yenye taa yanasukuma theluji. Lami nyeusi inatokea, upepo unaifunika tena. Mara ya pili rubani hakutuweka polepole. Alitubwaga! Breki zikalia, tukatetemeka mpaka meno, tukasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Tulikaa tu, kama watu wanaohesabu vidole vyao."

Akashusha sauti.

"Leki, tulipokuwa tunapaa tena, nilimsikia Mama."

Nikaisogeza simu karibu.

"Ulimsikia wapi?"

"Sikioni. Karibu, kama vile ananisuka nywele. Alikuwa analia. Alisema maji imekukula. Alisema nguo ya njano iko hapa, nani atavaa."

Maneno hayo sikuwa nimemwambia. Hakuna aliyemwambia.

"Lakini mimi sijawahi kuwa na nguo ya njano. Na jina aliloita si langu."

"Aliita nani?"

"Fortunée. Fortunée njo nani?"

Nilimgeukia Tantine Marceline. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha matanga, mkono mdomoni.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Mimi njo nilikuwa namushika. Hakuita Orpha hata mara moja."

Tulisikia kilio, kila mtu akatia jina la Orpha mwenyewe.

Fortunée, Tantine akatueleza, alikuwa mtoto wa kwanza wa Mama. Hatukuwahi kuambiwa. Maji yalimchukua hapo chini ya maporomoko, akiwa mdogo, na mwili haukuonekana; nguo yake ya njano tu ndiyo ilibaki nyumbani. Na kwetu, ambaye mto haujamrudisha haliliwi, usije ukamkatia njia ya kurudi. Basi Mama hakulia. Alingoja. Alituzaa, akatulea, akacheka utani wetu, huku anangoja.

Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, hukumulilia Orpha. Umemulilia Fortunée."

Alimtazama Tantine. Tantine akatikisa kichwa kukubali.

Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akaipokea simu kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Orpha."

"Mama."

"Umekula?"

Yaya Orpha akalia huko. Sisi tukalia huku.

Viti havikurudishwa. Mchungaji aliitwa, nyimbo zikaimbwa, jina la Fortunée likatajwa kwa sauti katika uwanja wetu. Mama aliimba mpaka sauti ikakauka.

Jambo moja bado linanisumbua. Nilimuuliza Yaya Orpha kilio kile kilikoma lini. Anasema kilikoma magurudumu yalipotulia kwenye theluji, na kabla ya kukoma, sauti ndogo ya mtoto ilimwitikia Mama.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna marehemu wako hujamlilia, mlilie. Machozi yaliyozuiwa hayakauki. Siku moja yatamwangukia aliye hai.